Nanasi Kwenye Ndoo: Mlivyouliza Kutoka Malindi na Lamu

Toleo lililopita niligusia mistari miwili tu, kwamba kile kichwa cha nanasi mnachokitupa jaani kinaota, basi tangu hapo simu haijapoa. Wengi mumeuliza yale yale kwa hivyo nimeunganisha, na ya mipapai nimeyaweka kando yatakuja siku yake. Kabla sijaanza niseme hili manake naliona karibu kwenye kila swali: joto letu la pwani mnanasi unalipenda, jua unalipenda, ukame wenyewe unauvumilia. Unachogombana nacho huku kwetu ni mawe na maji, yaani chokaa na chumvi. Mkijikinga na hayo, kilichobaki ni kungoja, na kungoja ndiko kunakowashinda wengi.

Shikamoo Bi Bustani. Nakaa nyumba ya kupanga, shamba sina, nataka nanasi kwenye ndoo ya rangi. Nilikata kile kichwa na kisu nikakizika siku ile ile kwa mchanga, baada ya wiki mbili nikakivuta kikatoka kinanuka. Wapi nimekosea?
*Kijana wa Maweni, Malindi*

Marahaba mwanangu. Kwanza hicho kisu. Ukikata unabakisha nyama ya tunda chini ya kichwa, na nyama ile ni sukari tupu, ukiifukia inaoza na uozo unapanda juu mpaka kwenye kiini. Shika tunda kwa mkono mmoja, majani yote kwa mkono wa pili, kisha nyonga, kichwa kitang'oka chenyewe na kijikia kifupi cheupe kisicho na nyama. Alafu bandua yale majani madogo ya chini moja moja ukiyavuta kuelekea chini, mpaka upate kijikia kilicho wazi kama upana wa vidole viwili, utaona vidoti vya kahawia vimekizunguka. Hiyo ndiyo mizizi, ishaumbika zamani inangoja tu, haitaki dawa ya kuotesha wala asali wala mdalasini, watu huko mitandaoni wanapenda kuongeza mambo.

La pili ni hiyo haraka ya kuzika siku ile ile. Kiache kivulini penye upepo, siku 4 hadi wiki nzima, mpaka pale kilipong'oka pakauke pawe pagumu. Wakati wa kaskazi hata siku 3 zatosha. Usiogope ati kitakufa na kiu, mnanasi hauko kama sukuma wiki, huu ni mmea unaofunga vinyweleo vya majani mchana kutwa na kuvifungua usiku kukiwa na ubaridi ndio unavuta hewa, kwa hivyo maji yake haupotezi ovyo.

Na sokoni usichukue lolote. Vuta lile jani dogo la katikati kabisa, likitoka bila kubisha ujue kiini kishaoza, weka chini chukua jingine. Nanasi lililolala kwenye friji pia silo, lile ni la kula tu.

Ndoo ya lita 20 yatosha, ioshe rangi yote itoke, toboa matundu kwa msumari wa moto chini na pembeni karibu na chini, mengi, usione huruma. Fukia kile kijikia kilicho wazi peke yake na uhakikishe mchanga hauingii katikati ya majani. Mwezi na nusu mpaka miwili utakuwa ukivuta kidogo kinakataa, hapo kishashika.

Kitu kimoja tu usije ukanilaumu: mnanasi wa kichwa ni wa bure lakini ni wa polepole, miezi 18 mpaka 24 na zaidi kidogo kabla hujala. Ukijuana na mtu mwenye mnanasi uliokwishazaa muombe oteo, lile linalochipuka ubavuni mwa shina, hilo huwa na nguvu zaidi na laweza kukupunguzia miezi kadhaa.

Bi, habari za masiku. Nina minanasi mitatu uani karibu na ukuta, imeshika vizuri, lakini majani mapya yote yatoka manjano karibu kuwa meupe. Nimetia samadi ya mbuzi, nimetia majivu ya jiko kila wiki kama tunavyotia kwa mboga, nimemwagia maji kila siku, ndiyo kwanza yazidi. Jirani aniambia nizike misumari ya kutu.
*Mama Watatu, Shela, Lamu*

Mama Watatu pole, na hayo majivu yaache leo leo kabla hujamaliza kusoma.

Sikiza. Mchanga wetu wa ufuoni huku, iwe Shela iwe Malindi mjini, ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Hiyo ni chokaa. Mnanasi kwa asili wataka udongo mchachu, wenye kupima husema pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unazidi) ya 4.5 mpaka 5.5, hata ikifika 6 bado unajikaza, na wetu wa karibu na bahari unapita 7 unaenda 8. Kwenye udongo kama huo chuma kipo lakini kimefungwa, mizizi inakigusa na haiwezi kukinywa, na jani bila chuma haliwezi kutengeneza ukijani. Sasa wewe juu ya chokaa ukaongeza majivu, ambayo yanaua uchachu vilevile. Na umesema iko karibu na ukuta. Ukuta wenyewe umepigwa chokaa eti? Mvua ikinyesha ikateremka ukutani yote inaishia kwa mnanasi wako.

Nimejuaje ni chuma na sio njaa nyingine? Umesema majani mapya. Chuma kikishaingia kwenye jani hakihami, kwa hivyo upungufu unaonekana kwa watoto, majani ya katikati, na ya zamani yanabaki kijani. Ingekuwa ni naitrojeni imepungua, yale ya chini ya zamani ndiyo yangetangulia kupauka. Ukitaka kuhakikisha chokaa, chota mchanga wako mkavu utie kwenye kikombe ukamulie ndimu au umwagie siki. Ukisikia unachachatika na kutoa povu basi huna haja ya fundi wa maabara.

Dawa ya haraka ni kuupitishia chuma kwenye majani badala ya mizizi, manake mnanasi unakunywa kwa majani, pale chini jani linapokumbatia shina maji yanakusanyika na mmea unayanywa pamoja na chochote kilichomo. Nenda duka la pembejeo uulize feras salfeti, ni chembechembe za kijani kibichi zisizo ghali. Kijiko cha chai kisichojaa kwa lita 1 ya maji, koroga, tia kwenye chupa ya kupuliza, puliza jioni jua likishapungua mpaka majani yalowe na yateremke ndani. Rudia baada ya wiki 2 au 3 mpaka uone jani jipya latoka kijani, yale yaliyokwishakuwa meupe mengine hayatarudi usiyahangaikie. Tumia maji ya mvua, ya kisima chenye chokaa yatakifunga chuma humohumo kwenye chupa. Na uondoe nguo kwenye kamba kabla hujapuliza! Doa lake ni la kutu na kwenye kanzu halitoki.

Lakini hiyo ni kuupa mgonjwa panadol. Kama minanasi bado midogo mimi ningeing'oa niihamishie kwenye vyombo, mbali na ukuta, na mchanganyiko usiokuwa wa ufuoni. Wa Malindi nyinyi mna bahati, mkienda upande wa Magarini kule udongo ni mwekundu na wa kichanga, wapitisha maji na hauna hayo makombe, magunia mawili yakija kwenye tuktuk yatosha ndoo kadhaa. Wa Lamu kisiwani mutaagiza kutoka bara au mutatengeneza wenyewe: makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, majani yaliyooza, yale ya mivinje ni mazuri sana, na samadi ya mbuzi au ya punda iliyokaa ikapoa mpaka haina harufu. Tahadhari kwenye makumbi, yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba yamenywa chumvi, yaloweke kwenye maji matamu uyamwage, urudie. Kama una jamaa mwenye mikorosho atakuwa na unga wa salfa anaopuliza kwa maua, omba kijiko kimoja uchanganye kwenye ndoo ya udongo, taratibu kwa miezi unaleta uchachu. Ila kwa mchanga wenye makombe ya kuonekana kwa macho usijisumbue na salfa, chokaa ni nyingi mno itakushinda.

Samadi si mbaya, punguza tu na usiiegemeze kwa shina. Na maji ya kila siku tutayasema sasa hivi kwa huyu fundi wa Langoni.

Misumari? Mwambie jirani ahsante. Kutu ni chuma ambacho kishafungika, ukikizika kwenye chokaa kitabaki pale pale mpaka wajukuu. Atilie misumari yake mlangoni.

Bi Bustani, juu darini nina ndoo nne za nanasi. Maji ya kisima chetu yana chumvi, yafaa au hayafai? Na jengine, mke wangu asema yale maji yanayokaa katikati ya majani yatatuletea mbu, ati nikaitupe yote. Tuamulie.
*Fundi wa Langoni, Lamu*

Mke wako ana haki zaidi yako fundi, lakini usitupe kitu.

Mbu wale wa mchana, wenye madoa meupe miguuni, hawataki bwawa, wataka maji kidogo tu yaliyotulia. Huku kwetu Afrika Mashariki wako kabisa wanaotaga kwenye vikonyo vya majani ya migomba na minanasi. Na watu wa Lamu nyinyi si wa kufundishwa haya, mwaka 2004 chikungunya iliwalaza karibu mji mzima, na wakati ule mbu hawakutoka kwenye minanasi, walitoka kwenye maji yaliyowekwa majumbani kwa sababu ya ukame, mapipa na mitungi isiyofunikwa. Kwa hivyo kwanza funika pipa lako. Wazee walikuwa wakitia visamaki ndani ya birika vile viluwiluwi visipate nafasi, hiyo ilikuwa akili.

Kwa mnanasi fanya hivi: mara moja kwa wiki mwagia kwa nguvu kutoka juu, maji ya zamani yafurike yatoke. Yai la mbu lahitaji kama wiki moja na siku kadhaa mpaka kuwa mbu anayeruka, ukimwaga kila wiki anakatiwa njiani. Hapo umemaliza na kumwagilia pia, manake ndoo moja haitaki zaidi ya lita 1 au 2 kwa wiki kiangazi. Masika usitie hata tone, kuanzia Aprili mpaka Juni mvua yatosha, wewe kazi yako ni kuangalia matundu ya ndoo hayajaziba. Mnanasi uliokaa kwenye tope unaoza moyo, utavuta majani ya katikati yatoke yote pamoja yakiwa laini chini na yananuka, na ukifika hapo hakuna dawa.

Chumvi sasa. Mnanasi huvumilia kidogo, lakini ukiona ncha za majani zinakauka kahawia na juu ya udongo kuna ukoko mweupe basi zimezidi. Kinga ya mvua kwenye pipa lenye kifuniko. Kama huna, nusu ya kisima nusu ya maji matamu, yale yanayotoka kwenye vilima vya mchanga vya Shela ni afadhali. Na kusi likivuma sana, darini kwako pale upepo waja na chumvi moja kwa moja, suuza majani kwa maji matamu hata kama udongo hauna kiu.

Mimi mnanasi wangu una miaka miwili na nusu, umekuwa mkubwa kama kiti, majani yanachoma miguu ya watoto, tunda hakuna. Jamaa mmoja wa welding ameniambia nitie kabaidi katikati utazaa. Nitie?
*Mvuvi wa Mambrui*

Hili nalo limeulizwa na wengi, na wengi wameshaingia na panga wakakata, haki inauma.

Mnanasi hujiamulia kuzaa ukihisi siku zimefupika na usiku umekuwa baridi. Sasa sisi tuko digrii 3 tu kusini mwa ikweta, Lamu 2, mchana wetu Januari na Julai ni karibu ule ule, na usiku wetu baridi yake ni ya kuvuta shuka tu. Kwa hivyo mnanasi unakaa unanenepa bila kupata habari. Mara nyingi unajifungua wenyewe baada ya ile miezi ya baridi ya Julai na Agosti, lakini kuna inayopitiliza mwaka mzima.

Njia ya kuushtua ipo na ni ya zamani. Mwaka 1874 kule visiwa vya Azores vya Wareno, walikokuwa wakilima mananasi ndani ya nyumba za vioo, waligundua kwamba moshi ukiingia humo mananasi yanatoa maua. Baadaye ikajulikana kinachofanya kazi ni gesi ya ethilini iliyomo kwenye moshi, na ndiyo gesi ile ile inayotolewa na ndizi na tufaha zikiiva. (Msianze sasa kuifukizia udi, moshi wa chetezo hautoshi.) Kabaidi hutoa gesi nyingine, asetilini, inayouhadaa mnanasi vilevile, na wakulima wakubwa wanaitumia, kwa hivyo jamaa yako hajakudanganya. Mimi lakini kwa nyumba yenye watoto siitaki, gesi ile inashika moto kwa cheche ndogo tu na unga wake ukipata maji machoni ni balaa. Mrudishie kabaidi yake akachomee mageti.

Tumia ndizi. Lakini hesabu majani kwanza: uwe na majani 30 mpaka 40 marefu yenye afya, lile refu kuliko yote lipite sentimita 60 au karibu mita. Ukiushtua ukiwa mdogo utazaa kweli, ila utazaa kinanasi cha ngumi cha kuchezea watoto. Wako kwa ulivyousema uko tayari. Mwaga maji yaliyo katikati. Zungushia ndizi 3 au 4 zilizoiva sana zile za kuanza kuwa na madoa meusi chini ya majani, alafu funika mmea wote usipitishe hewa. Mifuko ya plastiki tulikatazwa tangu 2017 lakini ile nailoni ya kufunikia godoro ipo, au pipa kubwa ulipindue juu yake uzibe chini na mchanga. Siku 3 au 4, kivulini kabisa, ukiuacha juani na nailoni utaupika. Funua, toa ndizi, endelea na maisha.

Baada ya wiki 6 mpaka 8 chungulia katikati, utaona wekundu. Hapo ushapata. Halafu vitatoka vimaua vya zambarau vinachanua kuanzia chini kwenda juu, kila kimaua kinaishi siku moja tu, na kila kimoja ni jicho moja la nanasi, yaani tunda moja lile ni maua 100 mpaka 200 yaliyoshikana. Kutoka hapo kwenye wekundu mpaka kula hesabu miezi 5 au 6. Na majani yanayochoma watoto, kata ncha kidogo kwa mkasi, haiudhuru.

Kima wa huku wanakula kila kitu. Nikipanda nanasi si nitakuwa nawalimia wao?
*Mkaaji wa Gede*

Utawalimia. Kima analijua nanasi limeiva siku moja kabla yako. Tunda likifika ukubwa wa mkono tafuta dema kuukuu, yaani mtego wa samaki, kwa wavuvi, lile lililotoboka mtegoni na bado lina mbavu, lifunike na ulikaze kwa waya kwenye vigingi. Lasaidia pia na kunguru, na ukitupia makuti mawili juu yake linakinga jua la mchana lisiunguze ubavu mmoja wa nanasi. Waliojaribu kuficha kwa gunia watakwambia wenyewe yaliyowapata.

Hujambo Bi. Chini ya majani kuna vitu vyeupe kama pamba na sisimizi wamejaa. Nimewapuliza sisimizi dawa wakafa, baada ya wiki wamerudi wote.
*Dada wa Mpeketoni*

Sijambo mwanangu. Hivyo vyeupe ni wadudu, vidung'ata, wanafyonza utomvu na kutoa kitu kitamu nyuma, sisimizi wanakifuata na kwa malipo wanawabeba vidung'ata kutoka mnanasi mmoja kuwapeleka mwengine na kuwalinda. Ni mifugo yao. Ukiua wachungaji ukaacha ng'ombe, watakuja wachungaji wengine. Kwa hivyo wote siku moja: njia ya sisimizi uimwagie maji ya moto mbali na mmea, na vidung'ata uwasugue kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni ya kipande, uingie mpaka kule ndani kwenye vikonyo, baada ya siku 5 rudia manake mayai hayafi mara ya kwanza. Mafuta ya mwarobaini ukiyapata changanya na hiyo sabuni, ndiyo inayoyafanya yakubali maji. Usichelewe kwa sababu wadudu hawa wanaandamana na ugonjwa wa virusi, majani yanakuwa mekundu-manjano, ncha zinapinda kurudi chini na mmea unanyauka, huo ukiupata ng'oa uchome na usichukue oteo lake hata moja. Na kichwa chochote cha sokoni kabla ya kupanda kichovye kwanza kwenye maji ya sabuni.

Babu asema nanasi ni tunda letu la asili, mwalimu asema lilikuja na meli. Na kwa nini halina mbegu?
*Mwanafunzi, Malindi*

Mwalimu wako amepata. Asili yake ni Amerika ya Kusini, pande za Brazili na Paragwai. Kolombasi alikutana nalo kisiwa cha Guadeloupe mwaka 1493, na Vasco da Gama aliyetia nanga hapa kwenu Malindi ilikuwa 1498, kwa hivyo Mzungu mwenyewe nanasi alikuwa ndio kwanza amelionja. Ni Wareno waliolisambaza baadaye kwa meli zao Afrika na Asia. Lakini usimkatalie babu kwa sauti, yeye ameliona tangu anazaliwa.

Mbegu: mnanasi haukubali chavua ya ndugu yake wa aina moja. Aina ikiwa peke yake shambani tunda linajaa bila mbegu. Ukipanda aina mbili tofauti zikachanua pamoja na ndege au mdudu akapita kote kuwili, utaziona, ngumu ndogo nyeusi zinavunja meno. Hawaii waliogopa hilo kiasi cha kupiga marufuku kuletwa wale ndege wadogo wanaonyonya maua. Sisi tuna ndege wetu chozi na yeye hakatazwi na mtu, kwa hivyo ukipata kijimbegu usishangae.

Langu limetoka! Lina rangi ya kijani na limejaa, watoto wananisumbua. Nikilikata nikaliweka kwenye pipa la mchele litaiva? Na nikishakata mnanasi ndio basi?
*Bibi wa Barani, Malindi*

Hongera Bi mkubwa wangu. Usilikate. Nanasi si embe. Embe lina wanga ndani linaugeuza sukari hata likiwa kwenye mchele, nanasi halina akiba hiyo, sukari yote linaletewa na majani siku kwa siku, ukikata ndio umefunga bomba. Litageuka rangi litalainika litanukia kidogo, utamu utakaa pale ulipolikatia. Ngoja njano ipande kutoka chini, nusu ya tunda kwenda juu, macho yawe yametanuka yamelala na ukiinama usikie harufu bila kugusa. Hapo kata kwa kisu kikali ukibakisha kikonyo, na ukila anza na kipande cha juu kwanza, cha chini ndicho kitamu zaidi waachie watoto wamalizie.

Likiwawasha ulimi ni ile bromelini, kimeng'enya kinachoyeyusha nyama, ndio maana juisi ya nanasi inalainisha nyama ya ng'ombe mzee kwa nusu saa tu, na ukiisahau usiku kucha utakuta uji. Chovyeni kwenye maji yenye chumvi kidogo kama kawaida yetu.

Na mnanasi haujaisha. Ule mama hatazaa tena lakini ubavuni kutakuwa na maotea, bakisha moja lililo chini kabisa na nene kuliko mengine, mengine yang'oe kwa kuyanyonga yakishafika urefu wa futi, panda au mgawie kijana wa Maweni pale juu. Lile uliloliacha lina mizizi ya mama tayari kwa hivyo litakuzalia mapema kuliko hili la kwanza, tunda litakuwa dogo kidogo. Kata majani makavu ya mama, mpe kikombe cha samadi iliyopoa pembeni, na kile kichwa cha juu usitupe.